Mama Buibui na Champali Yake

Tangu zamani simpendi mtu anayemwelekezea mwenzake kamera usoni bila kumwomba. Nasema mapema ili anayesoma ajue kwamba katika habari hii mimi si mwamuzi. Nina upande wangu na siondoki.

Si kwamba nachukia picha. Miaka ya themanini, nilipokuwa msichana, wapiga picha wa katikati ya Nairobi walikuwa watu wa heshima zao. Walisimama bustanini kamera zikiwaning'inia shingoni, na ukitaka picha ulikwenda mwenyewe, umejipaka mafuta mpaka unang'aa, umevaa viatu vya dada yako. Mpiga picha alikuweka sawa kola, akakuambia usifumbe macho, na wewe ukafumba. Baadaye ulirudi kuchukua picha yako ya macho yaliyofumba na ukaipeleka nyumbani kwa furaha. Hakuna aliyekufuata njiani wala kukutukana ili upendeze.

Kisha miaka ya tisini ikaingia na kamera ya video ikaja, dude zito la kubebwa begani kama mkungu wa ndizi, na anayelibeba akawa jirani yetu mmoja wa mtaa wa Riruta. Alikuwa kijana mwembamba mwenye jaketi la mifuko mingi, na suruali yake ilikuwa kila mara iko njiani kuanguka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga video za harusi huko kwa matajiri wa Lavington na Loresho, kwenye nyasi zilizokatwa vizuri. Huko alikuwa mpole kuliko njiwa. Alisema "samahani" na "tafadhali", na hakumkera mtu, kwa sababu getini kulikuwa na askari na nyuma ya askari kulikuwa na mbwa. Lakini harusi zina misimu yake. Msimu ulipokwisha, bwana huyu aligundua kwamba mtu aliyekasirika anatazamika kuliko bibi harusi, na kwamba watu wa kukasirisha wamejaa tele mjini, wanatembea kwa miguu, na hawana mbwa.

Alikuwa na banda lake la mabati karibu na barabara ya Naivasha, tuliloliita tu "video". Ndani mlikuwa na mabenchi, televisheni juu ya meza ndefu, deki ya kuchezea kanda, na jenereta iliyonguruma nje. Alionyesha sinema za karate na za Kihindi, na kama ilivyokuwa desturi ya mabanda hayo, aliizima sauti ya sinema akashika maikrofoni akatafsiri yeye. Kichina alikuwa hajui hata salamu, na Kihindi alijua maneno ya kununulia sambusa. Hilo halikumzuia. Mchina akifungua mdomo, yeye alisema, "Wewe! Umekula ng'ombe ya mjomba wangu, leo utanitambua!" na banda zima likaamini. Nakiri alikuwa na kipaji. Watu wengine walilipa kiingilio kumsikiliza yeye, si kutazama ngumi.

Basi akachanganya kazi zake mbili. Siku za kazi alishuka mjini na kamera, akamchagua mtu anayepita na shughuli zake, akamsogezea kioo cha kamera usoni na kuanza kumchokoza. Alimuuliza mzee mwenye tai kwa nini mke amemfukuza. Alimfuata msichana mnene akihesabu hatua zake kwa sauti. Mtu alipofoka, yeye alizidi kucheka na kurekodi. Jumamosi alasiri, sinema ya karate ikiisha, aliionyesha hasira hiyo bandani, sauti imezimwa kama kawaida, na yeye akiwatilia watu maneno midomoni. Yeye mwenyewe kila mara alikuwa kijana mwema aliyesalimia kwa adabu, na wale wengine wote walikuwa vichaa.

Sasa niwajulishe mama yangu. Mama alizaliwa Mombasa, akaja Nairobi kwa kumfuata baba, na baba alipofariki watu wote walidhani atarudi Pwani. Hakurudi. Alibaki Riruta kwa sababu ya darasa. Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba kando ya msikiti wetu mdogo, aliwafundisha watoto alifu na be, sura fupi fupi, kutawadha, kusalimia wakubwa na kupenga makamasi. Alikuwa mkali, na watoto walimpenda kwa namna ile watoto wanavyompenda mtu mkali asiyependelea. Darasa lilikuwa chini ya kamati ya wazee, na mwenyekiti wake alikuwa muuza duka mmoja mwenye ndevu nyeupe na uso ambao sikuwahi kuuona ukicheka. Mama hakuwa na mume, hakuwa na duka, na mimi nilikuwa nakaribia kuondoka nyumbani. Alikuwa na lile darasa tu.

Nami nilikuwa nauza vitambaa mjini, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi tuliyemwita Madam. Siku moja Mama alikuja kununua pamba nyeupe ya kuwashonea watoto wake kofia na mitandio ya Maulidi. Tulimkatia, tukamfungia, akatoka. Nje manyunyu yalikuwa yameanza, naye hakutaka kitambaa cheupe kilowe, akakipachika kwapani chini ya buibui. Nilikuwa mlangoni namtazama akivuka barabara pale kamera ilipomfikia.

"Niaje mathe!" kijana alimwamkia Mama kwa Sheng, akitembea kinyumenyume mbele yake. "Na hiyo umeficha ndani ni nini?"

Mama alimwambia, "Mwanangu, nipishe njia."

"Ah, mathe, si utuonyeshe tu! Umetoka na kitu kwa duka la wenyewe? Wasee, cheki huyu mathe, ako na kitu ndani!"

Anayeijua Nairobi ya siku zile anajua kwamba kumwita mtu mwizi si neno la kuchezea. Likitamkwa vibaya barabarani, mtu huweza kupoteza maisha kabla hajaulizwa jina. Vichwa vilianza kugeuka. Mama alisema tena, na sauti yake bado ilikuwa ya darasani, "Nimekuomba kwa uzuri. Niondolee hilo dude lako usoni."

"Panic ya nini sasa? Kama hujaiba, fungua!"

Nilimwona Mama akiinama. Nilidhani amejikwaa. Alipoinuka alikuwa na champali ya mguu wake mkononi, buibui ameipandisha mpaka kwenye muundi, na alikuwa anakimbia. Sikuwahi kumwona mama yangu akikimbia. Sikujua kama anaweza. Kijana naye alikimbia kinyumenyume, kamera bado begani, kwa sababu hakutaka kukosa hata kipande. Madam alitoka dukani na rula yake ya kupimia nguo, pindo la sari mkononi, akapiga kelele, "Mama, piga yeye! Piga yeye sana!" Barabara nzima watu walishangilia kama wako uwanjani.

Yalikwisha haraka, na nitayaeleza yalivyokwisha yakifika mahali pake. Jioni ile Mama alikuja nyumbani, akaisafisha champali, akaanza kushona kofia.

Siku ya pili ubao wa nje ya video uliandikwa kwa chaki: JUMAMOSI, KARATE. HALAFU: MAMA BUIBUI NA CHAMPALI YAKE. Riruta ni mahali padogo. Kufikia Ijumaa kila mtu alikuwa amejua, na baada ya sala mwenyekiti wa kamati akasimama mlangoni kwetu bila kuingia.

"Mwalimu," alimwambia Mama, "tumesikia maneno. Mtu anayelea watoto wa watu hawezi kuwa kichekesho cha mabanda. Jumapili kamati itakuja hapa tuzungumze. Ikibidi, darasa tutamwekea mtu mwingine."

Mama alisema, "Karibuni." Akafunga mlango, akarudi kwenye kofia zake, na nikaona anashona pale pale aliposhona tayari.

Damu ilinichemka. Nilitoka moja kwa moja hadi kwenye banda la mabati na kumtaka yule kijana anipe ile kanda.

"Sista, hiyo ni mali yangu," alisema. Alikuwa amekaa kwenye benchi anakula mahindi.

"Mtu uliyempiga picha ni mama yangu."

"Na barabara ni ya nani? Ni ya public. Mtu akiwa kwa public, mimi napiga. Hakuna sheria inakataa."

"Barabara ni ya umma. Na uso wake nao ni wa umma?"

"Akitaka uso wake ukae private, auache nyumbani."

Hapo nilimpa maneno ambayo siyaandiki, kwa sababu wajukuu wa Mama wanajua kusoma. Nilimwambia kuhusu suruali yake, kuhusu malezi yake, kuhusu jenereta yake. Nilikuwa bado naendelea vizuri sana nilipogundua kwamba ameweka mahindi chini na ile taa ndogo nyekundu ya kamera inawaka. Alikuwa ananirekodi! Kadiri nilivyofoka ndivyo alivyotabasamu, kama mkulima anayeona mvua. Nikatoka mbio.

Nilipomweleza Mama, aliichomeka sindano kwenye kofia. "Kwa hiyo umekwenda kumwongezea picha ya pili," alisema. Halafu, kwa mara ya kwanza wiki ile, akacheka. "Kesho tutakwenda."

"Wapi?"

"Video. Nami nataka kumwona huyo Mama Buibui."

Jumamosi alisomesha darasa lake kama kawaida, akaswali adhuhuri, akavaa buibui yake ya Idi na kujifukiza udi. Champali alizivaa zile zile. Akina mama wenye watoto darasani walikuwa wamepata habari, wakajitokeza mmoja mmoja njiani, kila mmoja akisema alikuwa anapita tu. Tulifika kwenye banda kundi zima. Mlinzi wa mlango alitaka kiingilio.

"Mimi ndiye sinema yenyewe," Mama alimwambia. "Nilipe ya nini?"

Akapita. Sisi tulilipa.

Tulikaa nyuma. Karate ilikuwa inamalizikia, Wachina wanatukanana Kiswahili. Kisha kanda ikabadilishwa, na nikamwona mama yangu kwenye televisheni, mdogo, mweusi, anavuka barabara ameinamisha kichwa kwa ajili ya manyunyu. Nilihisi aibu ya kumwona hivyo na watu wengi, kana kwamba tumemfungulia mlango chumbani.

"Na sasa, wapenzi watazamaji," kijana alianza kwenye maikrofoni, "mimi kama kawaida yangu namsalimia. Shikamoo mama! Habari ya nyumbani? Naomba nikusaidie mzigo! Lakini mathe ameamka vibaya. Anasema, toka hapa, leo nakula mtu mzima mzima!" Kwenye picha mdomo wa Mama ulikuwa unasema, "Nimekuomba kwa uzuri." Banda lilipasuka kwa kicheko.

"Mwongo!" Mama alisema.

Hakupiga kelele. Alilisema kwa ile sauti iliyozoea kumfikia mtoto wa safu ya mwisho, na vicheko vilikatika. Vichwa viligeuka, vikaiona buibui, vikarudi kwenye televisheni, vikaiona buibui nyingine. Mtu akapiga mluzi. "Ni yeye! Ni Mama Champali!"

Mama alikwenda mbele kati ya mabenchi, akanyoosha mkono. "Nipe hicho chombo."

"Mathe, hii ni ya kazi..."

"Mpe!" mtu alisema. Na mwingine, "Mpe!" Watu walikuwa wamelipa ili wafurahi, na walishajua furaha imehamia upande gani. "Mpe! Mpe! Mpe!" mpaka mabati yakatetemeka. Kijana alimpa.

Mama aliishika maikrofoni kama mtu anayeshika mwiko. "Hamjambo?"

"Hatujambo!" walijibu wote, wanaume wazima, kama darasa la kwanza.

"Wewe wa mbele, shusha mguu kwenye benchi. Ahsante. Na wewe mwenye mitambo, rudisha nyuma, anza upya."

Akarudisha. Alikuwa hana la kufanya.

"Haya," Mama alisema. "Huyo mwanamke mwamwona. Ni mimi. Lakini kuna mtu mwengine hapo ambaye hamumuoni, naye ndiye mwenye sinema. Kazi yake ni kuona watu bila ya yeye kuonekana. Basi leo nitawaonyesha kwa mdomo. Ni kijana, mwembamba, jaketi lina mifuko kumi na yote ni mitupu. Suruali imechoka, yataka kwenda nyumbani. Anatembea kinyumenyume kama kaa. Sasa hapa mdomo wangu wasema, 'Mwanangu, nipishe njia.' Utazameni vizuri. Na yeye asema nini? Asema nimeiba. Asema mbele ya watu, katikati ya mji, mama mtu mzima ameiba kitambaa cha watoto wa madrasa."

Waliokuwa bado wanacheka waliketi sawa. Wengi pale walikuwa wameona mjini mambo yanayofuata neno hilo.

"Sasa nainama. Mwaona? Navua champali." Sauti yake ilianza kuchangamka. "Hapa nakimbia. Nawaomba radhi, mimi mwenyewe sikujua kama bado naweza. Tazameni goti hilo, daktari alisema limekufa! Na huyu mwenzangu anakimbia kinyumenyume, maana anataka sinema. Nyuma yake kuna mama auza nyanya, na nyanya ziko kwenye karai. Mimi naliona hilo karai. Yeye halioni. Ningemwambia, lakini alikuwa hataki kunisikiliza."

Kwenye televisheni picha ilipaa, ikayumba, ikatetemeka.

"Hapo mwadhani mitambo imeharibika. Haikuharibika. Ni makalio yake yamekaa kwenye nyanya."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mzee mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, na hakuna aliyemwinua kwa sababu hakuna aliyeweza. Kwenye kioo palikuwa na kijivu kitupu.

"Na hayo ni mawingu ya Nairobi," Mama aliendelea kwa utulivu, "aliyapiga akiwa chali. Mazuri, sivyo? Na hicho kitu cheusi kinachokuja sasa, kinachozidi kukua, ni champali."

Kanda ikazimika. Watu wakamlazimisha kijana airudishe mara tatu, na kila mara Mama aliongeza kidogo. Mara ya tatu yule kijana mwenyewe alikuwa amekaa chini karibu na deki, kichwa kati ya magoti, mabega yanaruka, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Picha yangu mimi, ile ya suruali na jenereta, haikuonyeshwa. Alimpa Mama kanda zote mbili mkononi, akamwita "Mwalimu", na kumwomba aje kila Jumamosi washirikiane. Mama alimwambia Jumamosi zake zina wenyewe.

Baadaye mjini mambo yalimgeukia. Waliokuwa bandani waliwasimulia wenzao, na ikawa kila akiinua kamera, watu wa pale barabarani walianza kumtangaza kwa sauti: "Na sasa jamaa anakunja jicho! Anarudi nyuma! Nyanya ziko wapi jamani?" Madam ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, akisimama mlangoni na rula yake. "Suruali ya yeye nakwisha anguka!" Hakuna mtu aliyekasirika tena, na bila hasira hakuwa na kitu cha kupiga. Alirudi kwenye harusi.

Lakini hayo yalikuja polepole. Jumapili ile hatukuyajua. Tulijua tu kwamba Mama amesimama mbele ya wanaume katika banda la video na kutaja makalio kwenye maikrofoni, na kwamba kamati inakuja. Njiani kurudi nilikuwa nimecheka mpaka mbavu zikauma. Asubuhi nilikuwa sicheki. Mama alipika kahawa na kaimati, akatandika mkeka, akaziweka zile kofia nyeupe zilizokamilika juu ya meza, zimepangwa moja juu ya nyingine.

Mwenyekiti alikuja na wazee wenzake. Walikaa, wakauliza hali, wakauliza hali tena. Kisha mwenyekiti aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, nakuuliza na unijibu kwa haki. Ni kweli ulikimbia mjini mchana, champali mkononi?"

"Ni kweli."

"Ukimfukuza mwanamume?"

"Kweli."

Alizipapasa ndevu zake. Wazee wengine walitazama mkeka.

"Ukamfikia?"

"Nilimfikia."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa, na sikuweza kuona uso wake, lakini zile ndevu zilianza kutikisika, kidogo kidogo, mpaka ikambidi kutoa leso na kujifuta macho. Alichukua kofia moja pale mezani, akaigeuza ndani nje akaangalia mshono.

"Jumamosi nitakuletea mjukuu wangu," alisema. "Mtundu sana yule. Usimwonee haya."

"Aje mapema," Mama alimjibu. "Saa mbili mlango unafungwa."

Kisha alinipa kikombe chake nimwongezee kahawa. Nilipokipokea kilikuwa bado kimejaa mpaka ukingoni, hajaonja hata tone, na ndipo nilipojua jinsi mama yangu alivyokuwa ameogopa wiki nzima.